Shajara ya mradi: dawa ya zege na dakika inapoingia

Siku ya 1

Mradi huu umezaliwa na slabu moja iliyokataa kushika. Naandika chanzo chake kabla ya kipimo chochote, ili katikati ya sindano na vipimajoto nisije nikasahau ninachotafuta.

Zege lilimwagwa jioni, likiwa na dawa ya kulainisha na kuchelewesha ya jamii ya lignosalfoneti. Asubuhi kidole gumba kilizama. Mchana kikazama tena. Fundi mkuu akanipigia simu: "Mtaalamu, zege limekufa. Tuvunje mapema kabla halijanasa kwenye nondo?" Nikamwomba asiguse kitu, alifunike kwa magunia yaliyoloa, asubiri. Lilishika baada ya saa 26 hivi. Kipimo cha dawa nilikikagua mwenyewe: kiasi kwa kila mfuko wa saruji kilikuwa sawasawa na maelezo ya kwenye pipa. Saruji ni ileile waliyotumia juma lililotangulia, mchanga uleule, kokoto zilezile, na juma hilo zege lilishika bila shida.

Swali langu ni hilo tu: kiasi kilekile cha dawa, saruji ileile, kwa nini tabia mbili?

Nimepata mifuko minne ya saruji hiyo, ya mzigo mmoja, na lita mbili za dawa kutoka kwenye pipa lenyewe. Saruji nimeihamishia kwenye ndoo zenye mifuniko inayobana, kwa sababu saruji iliyoachwa wazi huanza kunywa unyevu wa hewa, na ikishafanya hivyo vipimo vya mwisho wa mwezi havilingani na vya mwanzo.

Siku ya 2

Nimeandaa vifaa. Sindano ya Vicat ipo. Louis Vicat, mhandisi Mfaransa wa karne ya 19, alitupatia kipimo ambacho mpaka leo hakijapata mbadala wa urahisi wake: sindano ya kipenyo cha milimita 1.13, na uzito wa gramu 300 unaoshuka nayo, inaachiwa ijichome kwenye rojo iliyojazwa katika kibati chenye kina cha milimita 40. Mwanzoni inazama hadi chini. Siku inapokwenda inaanza kukwama. Ikikomea takriban milimita 6 kutoka chini, huo ndio mwanzo wa kushika. Ikifika mahali inaacha alama tu juu bila kuzama, tumefika mwisho wa kushika.

Sindano hainielezi kinachotendeka ndani, ndiyo maana nimetengeneza pia vipimajoto vya themosi. Themosi tatu za aina moja, kila moja na kikombe cha plastiki ndani chenye gramu 300 za saruji na 120 za maji, waya wa kupimia joto umechomekwa katikati ya rojo, na mdomo umezibwa kwa sponji. Saruji inapokunywa maji hutoa joto. Ukifuatilia joto hilo unaisikia saruji ikifanya kazi hata kabla sindano haijahisi chochote.

Siku ya 3

Kipimo cha msingi, rojo bila dawa yoyote: gramu 500 za saruji, gramu 140 za maji, chumba nyuzi 23. Mwanzo wa kushika: saa 2 na dakika 40 tangu maji yalipoingia. Mwisho: saa 3 na dakika 55. Themosi ilianza nyuzi 25, ikafika kilele cha nyuzi 57 kwenye saa ya 9.

Kabla ya hapo lilitokea jambo lililonishtua. Bechi ya kwanza kabisa ilikaza mikononi mwangu dakika ya 5. Mwiko ulisimama wenyewe. Nikashika karai kwa viganja: baridi. Hakukuwa na joto lolote lililoambatana na ule ugumu, na hapo nikatulia. Nikaikoroga upya bila kuongeza hata tone la maji, kwa nguvu, dakika nzima, ikalegea na kurudi kuwa rojo ya kawaida. Huku ndiko kushika kwa uongo. Wakati wa kusaga, kinu kikipata joto sana, sehemu ya jasi iliyomo ndani ya saruji hupoteza maji yake na kugeuka plasta, ileile ya kufungia mfupa uliovunjika. Ikikutana na maji inashika haraka kama plasta, ila utando wake ni dhaifu, unavunjika kwa kukorogwa. Anayeongeza maji hapo anaharibu zege kwa tatizo ambalo lingeondoka kwa mkono tu.

Kuanzia sasa kila bechi inakorogwa dakika 3, inapumzika dakika 2, inakorogwa tena dakika 1.

Siku ya 4

Leo nasubiri themosi, kwa hiyo niandike kinachotendeka ndani ya rojo, maana bila hicho namba zote zitakazofuata ni kelele.

Mtu akisema zege "limekauka" naelewa anachomaanisha, ila neno hilo linapotosha kazi nzima. Saruji haikauki. Inaungana na maji, na maji hayo yanabaki humo kama sehemu ya jiwe jipya. Ndiyo maana inashika hata chini ya maji, na ndiyo maana zege likinyimwa maji mapema linabaki dhaifu.

Unga wa saruji una madini manne makubwa. Alaiti ndiyo nyingi zaidi, mara nyingi nusu ya unga au zaidi, nayo ndiyo inayotupa nguvu ya majuma ya kwanza. Belaiti ni ndugu yake mvivu: inafanya kazi kwa miezi. Alumineti ni chache, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 10, lakini ndiyo yenye papara kupita wote. La nne lina chuma, ndilo linaloipa saruji rangi yake ya kijivu. Juu ya hayo husagwa jasi kidogo.

Maji yakiingia, dakika za kwanza ni za alumineti: inayeyuka kwa fujo, inatoa joto, na jasi inaiwahi kwa kuifunika kwa fuwele nyembamba za etringaiti. Kisha linakuja lile tuliloliita tangu shuleni usingizi. Saa moja, mbili, au tatu, joto linashuka, rojo inabaki laini. Huo ndio muda wetu wa kusafirisha, kumwaga, kusawazisha. Halafu alaiti inaamka: mbegu ndogondogo za haidrati ya kalsiamu silikati zilizojishika juu ya chembe zake zinaanza kukua kama manyoya, zinashikana na za jirani, na chokaa iliyozidi inajitenga kuwa fuwele zake. Hapo ndipo sindano inapoanza kukwama. Kilele cha joto kinakuja saa kadhaa baada ya sindano kukataa kabisa kuzama.

Henri Le Chatelier, mkemia Mfaransa, katika tasnifu yake ya 1887, alisema ugumu unatokana na fuwele zinazojifuma. Wilhelm Michaëlis, mkemia Mjerumani, akaja kusema ni ute wa gundi unaokaza. Hoja zao zilibishaniwa miaka mingi. Nikitazama rojo yangu naona kila mmoja alishika upande wake wa kitu kilekile.

Dawa zote ninazopima huingilia moja ya hatua hizo. Haziingilii "saruji" kwa jumla. Nimeiandika sentensi hii kwa kalamu nyekundu kwenye ubao wa maabara.

Siku ya 5

Nilikuwa na gramu 200 za klinka, yale madonge ya tanuru yanayosagwa kuwa saruji, iliyosagwa bila jasi, nimeihifadhi kwenye chupa tangu zamani. Nimeitumia leo.

Maji yalipoingia sikumaliza mizunguko kumi ya mwiko. Rojo ikapata joto ambalo nililihisi kupitia glavu, ikatoa mvuke kidogo, ikawa donge. Dakika 3. Nikajaribu kuikoroga upya kama ile ya juzi: ikavunjika vipande, haikurudi. Huku ndiko kushika kwa ghafla kwa kweli: alumineti isiyo na wa kuizuia.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya kuchelewesha tayari imo ndani ya kila mfuko wa saruji, na watu hawaiiti dawa. Kila kitu ninachoongeza mimi kinakuta mapambano ya alumineti na jasi yameshaanza, na kinaweza kuyavuruga. Hili nilishike vizuri.

Siku ya 6 na 7

Sukari. Naanza nayo kabla ya dawa ya pipa kwa sababu ni kitu kimoja safi, wakati lignosalfoneti ni zao la viwanda vya karatasi, limetoka kwenye mti likiwa na sukari za mti ndani yake, na sehemu ya ucheleweshaji wake inatokana na sukari hizo.

Kiasi ni kidogo mno kupima kavu bila kukosea, kwa hiyo nimeyeyusha gramu 10 ndani ya maji mpaka jumla ikafika lita 1. Mililita 25 za maji hayo zina gramu 0.25 za sukari, yaani asilimia 0.05 ya saruji yangu ya gramu 500. Maji ya mchanganyiko nimepunguza kwa kiasi hichohicho.

Robo gramu. Ukiimwaga kwenye kiganja ni punje zisizojaza ukucha. Mwanzo wa kushika ukasogea kutoka saa 2 na dakika 40 hadi saa 6 na dakika 50. Nilikesha na sindano. Themosi ilionyesha jambo zuri zaidi: lile joto la dakika za kwanza lipo kama kawaida, halafu usingizi ukarefuka, halafu kilele kikaja saa ya 14, nyuzi 54. Mlima ni uleule, umesogezwa tu.

Sukari inang'ang'ania zile mbegu changa za haidrati na za chokaa, inazuia tabaka jipya lisijishike. Kalsiamu inaendelea kujaa kwenye maji, mbegu mpya zinaendelea kuzaliwa, na siku sukari ya kuzifunika inapoisha, alaiti inaondoka kwa kasi yake ya kawaida. Madereva wa magari ya kuchanganya zege wanalijua hili kwa njia yao: gari likiharibika barabarani zege likiwa ndani, sukari kwenye pipa linalozunguka inaliokoa lisigeuke jiwe humo.

Asilimia 0.3 nimeiweka pia, kwenye kopo lenye mfuniko. Hiyo siiwekei sindano, naiacha tu pembeni.

Siku ya 8

Upande wa pili: kloridi ya kalsiamu, asilimia 1.5. Matumizi yake kwenye saruji ni ya tangu karne ya 19, na bado sijaona cha bei yake kinachoharakisha namna hii. Mwanzo wa kushika saa 1 na dakika 10. Kilele cha themosi saa ya 5 na nusu, nyuzi 66. Yenyewe inaisukuma alaiti: usingizi unafupishwa na mwinuko unakuwa mkali.

Lakini mahali penye nondo siiruhusu, na nitaandika hivyo kila ninapoandika ripoti. Chuma ndani ya zege kinalindwa na utando mwembamba unaodumu kwa sababu ya ukali wa chokaa. Kloridi inautoboa utando huo, kutu inaanza, kutu inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na zege linapasuka kutoka ndani miaka mingi baadaye, wakati aliyeweka dawa hayupo tena. Kiwango cha Ulaya cha EN 206 kinaweka zege lenye nondo kwenye madaraja yanayoishia asilimia 0.20 au 0.40 ya kloridi kwa uzito wa saruji, ikihesabiwa ile ya kwenye mchanga, maji na kila kitu kingine. Dozi yangu ya leo peke yake inapita hapo. Kwa kazi ya nondo kuna nitrati ya kalsiamu na formeti ya kalsiamu, ambazo haziharakishi kwa nguvu hiyo lakini hazili chuma.

Siku ya 10

Dawa ya pipa, kipimo cha kwenye maelezo, imewekwa pamoja na maji. Mwanzo wa kushika: saa 5 na dakika 5.

Nimeketi na namba hii jioni nzima. Saa 5 si saa 26. Dawa haina kosa, saruji haina kosa. Nimerudia bechi: saa 5 na dakika 15. Kuna kitu sikijui kuhusu ile jioni.

Siku ya 11

Nimempigia fundi mkuu. Sikutaka kumuuliza kana kwamba namtafutia kosa, kwa hiyo nikamwomba tu anisimulie jioni ile tangu mfuko wa kwanza. Akasimulia: taa ilikuwa moja, vijana walichoka, wakapima maji, wakaweka saruji na mchanga na kokoto, mashine ikazunguka. Kisha akanyamaza kidogo. "Ngoja, mtaalamu. Bechi zile dawa tulikuwa tunaimwagia juu, mashine ikiwa inazunguka tayari. Asubuhi ya juma lililotangulia tuliitia kwenye ndoo ya maji. Usiku ule pipa lilikuwa upande wa pili, kijana analeta kikombe zege likishachanganyika. Lakini kipimo kilikuwa kilekile!"

Kipimo kilekile. Nimemshukuru, nikakata simu, nikaenda moja kwa moja kuosha kibati cha sindano.

Siku ya 12

Nimezuia mililita 25 za maji pembeni kwenye kila bechi. Saruji inakorogwa na maji yaliyobaki, na zile mililita 25 zinaingia dakika ya 3. Bechi tatu: moja mililita hizo ni maji matupu, ili nijue kama kuchelewa kwa maji peke yake kunaleta tofauti. Ya pili zina sukari ileile ya gramu 0.25. Ya tatu zina dawa ya pipa.

Maji matupu: saa 2 na dakika 45. Hakuna tofauti na kipimo cha msingi.

Dawa ya pipa ikiingia dakika ya 3: saa 8 na dakika 20, badala ya saa 5.

Sukari ikiingia dakika ya 3: saa 9 na dakika 40, badala ya saa 6 na dakika 50.

Punje zilezile za sukari, zisizojaza ukucha. Dakika tatu tu. Nikaichelewesha zaidi dawa ya pipa, nikaiingiza dakika ya 10: saa 8 na dakika 40. Kumbe sehemu kubwa ya tofauti inapatikana katika dakika hizo chache za mwanzo, baada ya hapo haiongezeki sana.

Maelezo yako kwenye chupa ile ya klinka ya Siku ya 5. Dakika za kwanza ni za alumineti, na alumineti yenye papara inameza chochote kilicho karibu. Dawa ikija pamoja na maji, sehemu yake kubwa inanaswa kwenye mazao ya alumineti na kuzikwa humo. Haifiki kwa alaiti. Dawa ikija dakika ya 3, jasi imeshaivika alumineti koti la etringaiti, meno yake yamefungwa, na dawa karibu yote inabaki majini ikisubiri mbegu za alaiti. Kwa hiyo kipimo kwenye kikombe ni kilekile, lakini kipimo kinachoifikia alaiti ni kikubwa zaidi.

Hili pia linaeleza kwa nini vijana walisema zege la usiku ule lilikuwa laini kuliko kawaida, karibu kama uji. Ile kazi ya kutawanya chembe nayo ilipata dawa nyingi zaidi.

Siku ya 13

Bado saa 8 si saa 26. Lakini usiku ule ulikuwa wa baridi, na maabara yangu ni nyuzi 23. Kwa kukadiria, kasi ya saruji huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazopanda, na hupungua hivyohivyo zinaposhuka.

Nimepoza saruji, maji, karai na kibati kwenye friji usiku kucha, na bechi ya dawa ya dakika ya 3 nimeiacha humohumo, nyuzi 12. Kila nikifungua kuchoma sindano nafunga haraka. Mwanzo wa kushika: saa 18 na nusu.

Ongeza kwamba zege la slabu lina maji mengi kuliko rojo yangu, chembe ziko mbalimbali, manyoya yana safari ndefu kabla ya kugusana. Saa 26 sasa ninaziamini. Nimempigia fundi kumweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali ambalo ndilo hasa: "Basi nguvu yake je?"

Siku ya 15

Kwa ajili ya swali hilo nimemwaga kyubu za milimita 50. Kila bechi ni gramu 500 za saruji, 1375 za mchanga, 242 za maji, inatoa kyubu sita. Aina nne: bila dawa, sukari na maji, sukari dakika ya 3, na kloridi. Bechi mbili kila aina, ili nipate kyubu tatu kwa kila umri: siku 1, 3, 7 na 28. Zote zinaingia kwenye beseni la maji zikishatoka kwenye kibati.

Siku ya 16

Kyubu za sukari ya dakika ya 3 nilipofungua kibati pembe zikabaki na chuma. Nimezifunga tena, umri wa siku 1 kwa aina hii hauna namba. Nyingine nimezibana kwenye mashine mpaka zikavunjika, nguvu yake nikiisoma kwa megapaskali. Bila dawa: megapaskali 11. Sukari na maji: 4. Kloridi: 19.

Mtu akiangalia leo tu, ataapa kwamba sukari inaua saruji.

Siku ya 18

Siku 3. Bila dawa 22. Sukari na maji 21. Sukari dakika ya 3: 17. Kloridi 28.

Wakati nikisubiri umri wa siku 7 nimecheza na dawa ya kizazi kipya, polikaboksileti, zilizoanza kutumika Japani miaka ya 1980. Nina koni ndogo ya kupimia mtawanyiko, urefu milimita 57. Rojo ya gramu 40 za maji kwa gramu 100 za saruji ilitandaa milimita 58. Kwa asilimia 0.2 ya dawa kavu ilitandaa milimita 141, bila tone la maji kuongezeka. Molekuli zake ziko kama kitana: uti unajishika kwenye chembe ya saruji, meno yanaelea nje majini, na chembe mbili zikitaka kushikana meno yanagombana. Dawa za zamani za naftalini zinategemea zaidi chaji za umeme zinazosukumana. Faida kubwa si ulaini wenyewe, ni ruhusa ya kupunguza maji. Nilishuka hadi gramu 31 za maji na bado rojo ilitandaa kuliko ile ya kwanza. Duff Abrams, mtafiti Mmarekani wa zege, alionyesha mwaka 1918 kwamba uwiano wa maji kwa saruji ndio unaoamua nguvu, na hadi leo sijakutana na kyubu iliyombishia.

Tahadhari moja, na niifuate baadaye: mchanga wenye udongo wa mfinyanzi unaovimba huyanyonya meno hayo ya kitana katikati ya matabaka yake. Mchanga mchafu unakula dawa kabla ya saruji.

Siku ya 22

Siku 7. Bila dawa 29. Sukari na maji 31. Sukari dakika ya 3: 30. Kloridi 33.

Zimekutana. Nilirudia kusoma saa ya mashine mara mbili. Kyubu ya sukari ya dakika ya 3, ambayo juma lililopita iliacha pembe zake kwenye kibati, imevunjika kwa mlio mkavu, ikabaki na umbo zuri la piramidi mbili zilizogusana kwa ncha.

Siku ya 43

Siku 28. Bila dawa 39. Sukari na maji 42. Sukari dakika ya 3: 42. Kloridi 38.

Iliyokwenda mbio imeishia nyuma kidogo. Manyoya yakikua haraka mno yanajibana karibu na chembe, yanaifunika saruji iliyobaki ndani na kuacha matundu makubwa kati ya chembe na chembe. Yakikua taratibu yanaenea na kujaza nafasi kwa usawa zaidi. Ila kuna sharti: nimeziweka kyubu hizi kwenye maji muda wote. Slabu iliyochelewa kushika ikiachwa juani bila magunia, maji yake yanatoroka kabla alaiti haijaamka, inapasuka juu, na hakuna namba nzuri ya siku ya 28 itakayoikomboa. Yale magunia ya fundi ndiyo yaliyofanya kazi.

Siku ya 44

Kyubu za jioni ile, ambazo fundi alizimwaga mwenyewe na kuziacha pembeni ya slabu chini ya magunia yaleyale, zilifikisha siku 28 zamani na zilikuwa zinanisubiri kwenye rafu. Slabu ilisanifiwa kwa megapaskali 25. Tatu za kwanza: 31, 30, 32. Nimepita pia juu ya slabu na nyundo ya Schmidt, inayopima ugumu wa zege kwa jinsi inavyodunda, mistari mitano, na hakuna mahali nyundo iliposoma chini.

Fundi alikuwa nami. Amepaka mstari mweupe kwenye ndoo ya maji na kuandika kwa rangi: DAWA HUMU KWANZA. Akaniuliza kama kuna wakati inafaa kuiweka mwisho kwa makusudi. Nikamwambia ndiyo, fundi, kwa zege la safari ndefu au la siku ya joto kali watu hufanya hivyo, lakini kwa kipimo kilichopunguzwa na kilichopimwa kwanza kwenye bechi ndogo. Akaomba nimwandikie. Nimeandika.

Kilichobaki kwenye orodha: bechi zilezile kwa nyuzi 35, na mchanga wenye udongo pamoja na polikaboksileti.

Siku ya 49

Nimesafisha rafu na kukuta lile kopo la sukari ya asilimia 0.3. Siku ya 20 lilikuwa bado ute chini ya mfuniko. Leo nimebonyeza kwa ukucha, kisha kwa msumari. Msumari umeteleza.